Mteja wa miaka minne na shilingi 700: yaliyonikuta kwenye meza ya dagaa Kirumba

Mkuu, nimekusoma mara mbili. Una duka la vyakula Buzuruga. Mama mmoja, mteja wako wa miaka minne, alipungukiwa shilingi 700, kijana wako wa dukani akayatoa mafuta kwenye mfuko wa huyo mama mbele ya watu, na sasa ni wiki ya pili hajapita. Unauliza kama kijana alikosea au alilinda mali yako, na kama ukianza kusamehe vijisenti watu hawatakupanda kichwani.

Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, tangu 2011. Nakujibu kwa yaliyonikuta, maana nami nilimpoteza mtu wa namna hiyo, tena kwa pesa ndogo kuliko hiyo yako.

Alikuwa mama lishe wa Igogo. Sado mbili, yaani makopo mawili ya kupimia, Jumatatu, mbili Jumatano, mbili Ijumaa, kwa miaka sita. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Anafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anasalimu kwa Kisukuma, "mwangaluka", anachota dagaa kiganjani, anavunja mmoja kuona kama amekauka, analipa, anaondoka. Siku moja ikapungua 300. Mimi sikuwepo mezani, nilikuwa napokea mzigo wa Ukerewe. Kijana wangu akachota dagaa wa thamani ya hiyo 300 kwenye mfuko wa yule mama, akawarudisha mezani. Kiganja kimoja tu. Yule mama hakugombana. Alifunga mfuko wake akaenda, na tangu siku hiyo akawa ananunua meza ya nne kutoka kwangu. Kila asubuhi tunasalimiana.

Kijana nilimfokea sana. Jioni tukifunga turubai akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, juzi umenikata 2,000 ya shoti. Hiyo 300 ningeitoa wapi?" Nilikaa juu ya gunia nikakosa la kumjibu. Ni kweli nilikuwa namkata shoti, yaani pesa inayopungua kwenye mauzo. Kila jioni nikihesabu, ikipungua 500 namkata 500. Nilijiambia namfundisha uangalifu, kumbe nimemfanya amwogope kila mteja anayesema "nitakuletea kesho". Ndiyo maana kabla sijasema lolote juu ya kijana wako, nakuuliza hivi: dukani kwako shoti anailipa nani?

Hilo ndilo nililobadilisha kwanza. Sasa kijana ana ruhusa ya kusamehe mpaka 1,000 kwa siku bila kuniuliza. Anaandika kiasi kwenye karatasi, jioni naiona, naichana, na yeye simkati hata senti. Mwanzoni niliamini hiyo 1,000 itaisha kila siku. Haiishi. Siku nyingi karatasi inabaki nyeupe, kwa sababu mteja wa kudumu haombi ovyo. Anaona aibu kuliko wewe unayedai. Na nimemwambia kijana asimwandike mtu jina, maana siku tukianza kuweka majina tutakuwa tumefungua daftari la madeni.

Piga hesabu ya yule mama wa Igogo. Sado sita kwa wiki, na kipindi kile kila sado ilikuwa inaniachia kama 1,000. Kwa mwaka inapita laki tatu. Hiyo ndiyo niliyoitupa kwa kiganja kimoja cha dagaa.

Nyongeza nayo ina namna yake. Nikishasawazisha sado natupia kiganja juu kabla mtu hajafungua mdomo. Akiomba ndipo nikampa, hapo tumepatana bei. Asipoomba nikampa, hapo amepewa, na anajua. Nimeona watu wanabeba mfuko kwa namna tofauti kabisa.

Sasa sikiliza hili la mwezi, maana mteja wa dagaa hapo ndipo anapokupima. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku wa giza. Wanawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola na betri, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haifui dafu, mitumbwi mingi inapumzika, na bei mezani inapanda. Mbalamwezi ikikaribia, mimi naweka pembeni magunia mawili ya bei ya zamani. Sitangazi. Mtu wangu wa siku zote akija akaona bei mpya, namwambia, "Wewe ni ile ile mpaka gunia hili liishe." Linaisha siku mbili tatu. Likiisha analipa bei mpya bila kununa, kwa sababu alipata muda wa kujipanga, na sahani yake hakuipandisha ghafla.

Masika ni zaidi. Machi hadi Mei mvua inawakuta dagaa mchangani kabla hawajakauka, wanabadilika rangi, wanashika harufu, wengine wanakuwa wachungu. Siku hizo mteja wangu namwambia waziwazi asichukue kwangu, asubiri wale wanaoanikwa juu ya chanja, au aende meza ya jirani mwenye mzigo wa nyuma. Wenzangu wananishangaa. Lakini mama lishe akiwapikia watu wake dagaa wachungu, lawama anaibeba yeye, na kesho sahani zake hazitoki. Kwangu mimi kumzuia mtu asinunue siku hiyo ni kumtendea wema kuliko punguzo lolote. Akirudisha dagaa akasema wana mchanga, nawapokea wala siwachambui mbele yake.

Kupandwa kichwani kupo, sikatai. Anayepungukiwa 500 kila Jumamosi hajapungukiwa, amejipangia bei yake. Huyo namvuta pembeni, namweleza bei yangu, basi. Na mali kauli, yaani mtu kuchukua mzigo kwa ahadi ya kulipa baadaye, usiichanganye kabisa na haya. Niliwahi kumpa mfanyabiashara mmoja magunia manne kwa mali kauli, akalipa vizuri. Akachukua sita, akalipa. Akachukua kumi, simu ikazimwa. Ule haukuwa ukarimu, ulikuwa mkopo niliotoa bila maandishi kwa sababu niliona haya kumwandikisha mtu tuliyezoeana. Siku hizi magunia naandika, anatia sahihi, hata awe nani. Ya sado moja na mia tatu nayaacha yapite.

Halafu tazama, watu sasa wana pa kwenda. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, wateja wangu wa Sengerema hawasubiri tena kivuko. Wanafika mapema, wanazunguka meza zote, wanavunja dagaa wa kila mtu ndipo wanaamua. Dagaa wetu wote wanatoka ziwa lile lile. Wanaonirudia wananirudia kwa jinsi wanavyopokelewa mezani.

Kwa hiyo kijana wako usimfukuze, wala usimburute kwenda kuomba radhi. Kaa naye jioni, mwambie kiwango anachoweza kusamehe, na umwahidi hutamkata. Kwa yule mama nenda mwenyewe. Usibebe mafuta ya bure, ataona unamnunua. Mwambie alitendewa vibaya dukani kwako na kosa ni lako. Hiyo 700 usiitaje, leo wala mwakani.

Mimi kwa yule mama wa Igogo nilichelewa miezi minne. Nilikuwa nasema nitaenda, nitaenda. Nilipokwenda alinikaribisha vizuri, akanipa chai na chapati, akakataa pesa yangu. Akaniambia hana kinyongo, ila kule alikohamia wameshazoeana na hawezi kuwaacha bila sababu. Nilimwelewa. Wewe ni wiki ya pili tu. Nenda kesho asubuhi, kabla hujafungua duka.