Maswali Yenu: Chombo Kikigeuza Uso, Tutakiitaje?

Toleo lililopita nilitaja kwa mistari michache tu kwamba Voyager 1, chombo cha anga cha Marekani kilichorushwa Septemba 1977, bado inatuletea habari. Mistari hiyo imeniletea barua nyingi kuliko makala yoyote niliyoandika mwaka huu. Nimechagua nne. Kwa wasomaji wapya: nimekuwa fundi wa kituo cha ardhini cha satelaiti kwa miaka 21, kazi yangu ikiwa antena, kebo na vipokezi.

*

*Shikamoo Shangazi. Ulisema kisambazaji cha Voyager 1 kina nguvu ya wati 23 hivi. Balbu ya zamani ya chumbani ilikuwa na zaidi ya hapo. Sauti hiyo inatufikiaje? Kwa nini hawakuweka chenye nguvu zaidi? — Mwanafunzi wa sekondari*

Marahaba, mwanangu. Anza na hesabu. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayokufikia inabaki robo. Ukiongezeka mara kumi, inabaki sehemu moja ya mia. Voyager 1 iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa tulipo, na wimbi la redio, pamoja na mbio zake za kilomita 300,000 kwa sekunde, linatumia zaidi ya saa 22 kuumaliza mwendo huo. Mbele ya umbali kama huo, kupandisha wati 23 ziwe 46 hakuleti tofauti kubwa. Na umeme huo wa ziada ungetoka wapi? Chombo kinategemea joto la plutoniamu, na kila mwaka umeme wake unapungua kwa takriban wati 4.

Kwa hiyo mzigo tumeubeba sisi wa huku chini. Chombo kina dishi la upana wa mita 3.7 linalokusanya zile wati chache na kuzielekeza upande mmoja tu, badala ya kuzitawanya. Duniani yapo madishi ya mita 70 katika vituo vitatu: Goldstone huko California, karibu na Madrid, na karibu na Canberra. Vimepangwa kuizunguka Dunia ili kituo kimoja kikianza kukipoteza chombo kwenye upeo, kingine kiwe kimeshakiona. Kisha kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: kila kitu chenye joto kinatoa kelele ya redio, hata chuma cha kipokezi chenyewe. Ndiyo maana sehemu ya kwanza ya kipokezi hupozwa hadi nyuzi chache tu juu ya baridi ya mwisho kabisa iwezekanayo, ili kelele yake isiimeze sauti inayotafutwa.

Halafu wanaongea polepole. Data za kawaida za Voyager 1 huja kwa biti 160 (yaani tarakimu za 0 au 1) kwa sekunde. Picha moja ya simu yenye megabaiti 4 ingechukua zaidi ya siku mbili kufika. Kila biti inapewa muda wa kutosha ili msikilizaji awe na hakika na alichokisikia.

*

*Dada, salamu. Nilisoma kwamba mwaka 2023 Voyager 2, pacha wa Voyager 1, iliamriwa kimakosa kugeuza antena yake isiielekee Dunia. Kama chombo hakikusikii, unakiambiaje kwamba hakikusikii? Mimi ni dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu, na redio ikikatika tulikuwa tunasimama na kusubiri. — Mzee wa redio ya lori*

Salamu nyingi, kaka yangu. Jibu lako unalo mwenyewe: kusubiri. Ila kusubiri huko kulipangwa kabla.

Tarehe 21 Julai 2023 amri zilizotumwa ziliigeuza antena kwa digrii 2 tu. Unaweza kudhani digrii 2 si kitu, lakini mwale wa dishi lile una upana usiofika hata digrii moja, kwa hiyo Dunia ikawa nje kabisa. Tarehe 1 Agosti madishi ya huku yalisikia wimbi tupu lisilosomeka, ishara kwamba chombo ki hai. Ndipo kituo cha Canberra kilipopaza sauti kwa nguvu kubwa, kwa matumaini kwamba hata mawimbi yanayoingia kwa pembeni yatatosha. Amri ilisafiri saa 18 na nusu. Jibu likaja baada ya saa 37, tarehe 4 Agosti: antena imerudi, data zinasomeka.

Na kama kelele ile isingefika? Chombo kilikuwa kimeshapangiwa tangu zamani kujiweka sawa chenyewe mara kadhaa kwa mwaka, na zamu iliyofuata ilikuwa tarehe 15 Oktoba. Ile amri ya Canberra iliokoa miezi miwili. Safari yenyewe ilikuwa imeshalindwa na watu waliokaa chini zamani wakajiuliza, siku tukikosea tutafanyaje?

Lakini kisa kinachonigusa zaidi cha chombo hichohicho ni cha Aprili 1978. Voyager 2 ina saa ndani yake. Ikipita wiki nzima bila amri kutoka Dunia, inachukulia kwamba kipokezi chake kimeharibika na kuhamia cha akiba. Wiki moja amri ya kuituliza saa hiyo haikutumwa. Chombo kikahama, kama kilivyofundishwa. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba kipokezi cha akiba ni kibovu: kapasita (kijisehemu cha kuhifadhi umeme) ya mtambo wa kufuatia masafa ilikuwa imekufa. Wakasubiri saa ikirudishe chombo kwenye kipokezi cha kwanza. Kikarudi, na haukupita muda kipokezi hicho nacho kikafa, moja kwa moja. Ikabidi wangoje tena, kama wiki nzima bila uwezo wa kusema neno, mpaka saa ihamishe tena kwenda kwenye kile kibovu.

Tangu siku hiyo Voyager 2 inasikia kwa kipokezi kisichoweza kufuata sauti yako. Wewe dereva unajua redio nzuri inavyokuvumilia ukiwa umekosea masafa kidogo. Kile kinavumilia takriban hezi 96 tu, yaani mitetemo 96 kwa sekunde, sehemu kama moja ya elfu ya uwezo wake wa awali. Wakati huohuo Dunia inazunguka, inalizunguka Jua, na chombo kinakimbia, kwa hiyo masafa yanayofika kule hayakai mahali pamoja hata kidogo. Zaidi ya hayo, kipokezi chenyewe huhama kwa joto. Badiliko la robo ya nyuzi linatosha kukiondoa. Watu wa ardhini wakajifunza kukokotoa yote hayo kabla ya kila amri, kisha kuyasogeza masafa ya kisambazaji chao kidogo kidogo ili kule mwisho yafike yametulia. Kwa njia hiyo waliipitisha Zohali mwaka 1981, Uranusi 1986 na Neptuni 1989. Wakaweka pia ndani ya kompyuta ya chombo ratiba ndogo ya akiba, ili hata kikiwa kiziwi kabisa kifike, kipime na kutuma.

Mimi nimewahi kukaa mbele ya kipokezi kimya kwa dakika 10 tu na mikono ikatoka jasho. Wao walikaa wiki.

*

*Hujambo Shangazi. Je, mvua inakata mawasiliano na vyombo vya mbali?*

Sijambo. Inategemea masafa. Kwenye gigahezi 8 hivi, zinazotumiwa na vyombo vingi, mvua inadhoofisha kidogo. Kwenye gigahezi 32, zinazobeba data nyingi zaidi, wingu zito ni tatizo kweli, na waendeshaji hupanga kasi ya data wakilijua hilo. Kizuizi kikubwa zaidi ni Jua. Kila baada ya miaka miwili na zaidi kidogo Mirihi hupita nyuma yake, na kwa muda wa wiki mbili hivi amri hazitumwi kwa vyombo vya huko, kwa sababu gesi yenye chaji inayolizunguka Jua inaweza kuvuruga biti. Amri iliyoharibika ni hatari kuliko amri ambayo haikutumwa.

*

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi mwanafunzi katika kituo cha ardhini. Msimamizi wetu anataka kabla ya kila kazi mpya tupitishe ishara ya majaribio kwenye mtambo mzima, kuanzia antena mpaka kompyuta ya mwisho, ingawa kila kifaa kimeshapimwa peke yake. Wenzangu wanaona ni kupoteza muda. Pia anataka tulifanye saa ileile ya kazi yenyewe, hata ikiwa alfajiri. Ana haki? Na nisaidie: mashine inajuaje kwamba biti imekosewa, na inairekebishaje bila kuuliza tena?*

Marahaba, mwanangu, nimefurahi sana kukupata. Nianze na la mwisho, kwa sababu utalitumia kila siku.

Kumuuliza mtu aliye saa 22 kutoka kwako "umesemaje?" ni kazi bure, kwa hiyo marekebisho lazima yasafiri pamoja na ujumbe. Chora nukta mbili kwenye karatasi: mstari ulionyooka unaopita hapo ni mmoja tu. Sasa mtumie mwenzako nukta tano za mstari uleule badala ya mbili. Moja ikihama njiani, ataiona imekaa nje ya mstari, na atajua mahali ilipopaswa kuwa. Hilo ndilo wazo la Irving Reed na Gustave Solomon, waliolichapisha mwaka 1960, ila wao hutumia mikunjo tata zaidi ya mstari. Voyager 2 ilitumia utaratibu wao huko Uranusi na Neptuni. Gharama yake ni zile nukta za ziada, na wahandisi huilipa bila kunung'unika. Kwa amri zinazopanda kwenda chomboni, tahadhari ni kali zaidi: chombo kikiwa na shaka na amri, kinaikataa.

Sasa msimamizi wako. Ana haki kabisa, na waonyeshe wenzako kisa hiki.

Cassini, chombo cha kuchunguza Zohali, ilirushwa Oktoba 1997 ikiwa imebeba Huygens, chombo kidogo cha Ulaya cha kushuka kwenye Titan, mwezi wa Zohali. Huygens ingesema na Cassini, na Cassini ingetuma Duniani. Vifaa vilikuwa vimepimwa. Mwaka 2000, vikiwa tayari njiani, mhandisi mmoja wa Ulaya, Boris Smeds, alifanya jaribio: kutoka dishi la Goldstone aliituma kwa Cassini ishara iliyoigiza ya Huygens, pamoja na mabadiliko ya masafa yanayotokana na mwendo. Kipokezi kililishika wimbi lenyewe vizuri. Data zilizokuwa juu yake hazikusomeka. Ilikuwa imesahauliwa kwamba mwendo haubadilishi masafa ya wimbi peke yake. Unabadilisha pia kasi ya kufika kwa biti, na saa ya kusomea biti ndani ya kipokezi ilikuwa na uvumilivu mdogo mno. Kifaa kilikuwa mbali, hakirekebishiki. Wakabadilisha njia ya Cassini, ipite mbali zaidi na Titan, ili kasi ya kukaribiana ipungue. Tarehe 14 Januari 2005 Huygens ikatua na ikasikika.

Siku hiyohiyo moja ya njia zake mbili za redio ilipotea, kwa kuwa amri ya kuwasha kipokezi chake upande wa Cassini haikuwekwa kwenye ratiba. Picha 350 hivi zilifika, nusu ya zilizotarajiwa. Upimaji wa upepo, uliotegemea njia iliyopotea, uliokolewa na darubini za redio za Duniani zilizokuwa zikisikiliza wimbi la Huygens moja kwa moja, umbali wa zaidi ya kilomita bilioni moja.

Kuhusu alfajiri, nitakueleza yaliyonikuta. Mwaka wangu wa nne kazini tulikuwa tukipoteza data za satelaiti moja ya chini, ile inayopita dakika 10 tu na kuondoka. Ilikuwa ni pito la saa kumi na moja alfajiri pekee. Ya mchana yalikuwa safi. Tulipima kila kifaa, kimoja kimoja, saa nne asubuhi. Vyote vizima. Wiki tatu. Hatimaye nikaomba ruhusa nikalale kituoni, na saa kumi na moja kasoro nikapitisha ishara ya majaribio kutoka kwenye dishi. Ikaingia ikiwa dhaifu vibaya. Nikapanda na tochi. Konekta moja ya kebo, nyuma ya dishi, ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele kwenye mpira wake. Umande ulikuwa ukiingia usiku, na kabla hatujafika na vipimo vyetu asubuhi jua lilikuwa limeshaukausha.

Kwa hiyo nendeni alfajiri. Bebeni tochi, na mguse kila konekta kwa kidole kikavu.