Kabla ya kupaka rangi, jua maandishi yanaenda wapi

Niliwahi kuandika skripti ya kunakili mafaili kila usiku, na kila kosa nikalipaka nyekundu. Kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, ilipendeza kweli. Matokeo ya usiku yalikuwa yakihifadhiwa kwenye faili, na asubuhi nilipopitisha `grep '^KOSA'`, amri inayotafuta mistari inayoanza na neno KOSA, sikupata kitu. Wiki mbili nzima niliamini mambo ni shwari, kumbe makosa yalijaa tele. Mistari ile haikuanza na neno KOSA. Ilianza na herufi isiyoonekana, ESC, kisha `[31m`.

Rangi za terminali ni herufi tu zilizochomekwa ndani ya maandishi yako. ESC ni herufi namba 27, na wengi huiandika `\033` (ni 27 ileile kwa namba za msingi wa nane). Ikifuatwa na `[31m` inawasha nyekundu, ikifuatwa na `[0m` inarudisha hali ya kawaida. Usiisahau hii ya pili, la sivyo hata amri zinazofuata zitatoka nyekundu. Terminali ya VT100 ya mwaka 1978 ndiyo iliyoeneza alama za namna hii, ingawa yenyewe haikuwa na rangi, na Linux na macOS huzielewa bila maandalizi yoyote. Windows ilichelewa. Dirisha lake la amri lilianza kuzielewa kwenye Windows 10, na mpaka leo huenda programu yako ikalazimika kuziwasha yenyewe kwa kuita `SetConsoleMode` ya Windows. Ukitumia Python, maktaba ya colorama inakufanyia kazi hiyo: iite `just_fix_windows_console()` mara moja mwanzoni.

Kwenye skripti za shell, programu inayopokea na kutekeleza amri zako, tumia `printf`, achana na `echo`, maana tabia ya `echo` hubadilika kutoka shell moja hadi nyingine.

Ila lililoniumiza mimi halikuwa mfumo wa kompyuta. Sikuuliza kama upande wa pili kuna mtu anayetazama, yaani kama maandishi yanaenda kwenye terminali au kwenye faili. Python hujibu swali hilo kwa `sys.stdout.isatty()`, shell kwa `[ -t 1 ]`. Jibu likiwa hapana, usipake. Heshimu pia `NO_COLOR`, kigezo cha mazingira ya mfumo: mtumiaji akiiweka, amekuambia hataki rangi.

Na neno KOSA liache palepale hata ukilipaka, kwa sababu wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Mimi hubaki na zile rangi 16 za msingi, kwani kila mtu huzirekebisha kwenye terminali yake zikae vizuri na mandharinyuma aliyochagua.