50mm sebuleni inatosha

Mkuu, umeuliza kama lenzi yako ya 50mm inatosha kuanza kupiga picha za wasanii wa mtaani hapo nyumbani kwako. Inatosha, usiiuze, na taa za studio huzihitaji. Ila kwenye kamera yenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ndogo ya APS-C inabana picha kama lenzi ya 75mm, au 80mm ukiwa na Canon. Ukisimama mita 2 unapata kichwa mpaka kiunoni, basi. Mtu kuanzia kichwa mpaka miguu na turubai lake la kuchorea hawaingii kwenye sebule zetu hizi ndogo za Sinza, Dar. Hapo ndipo utatafuta lenzi ya 35mm, inayoona pana zaidi.

Mwanga chukua dirishani. Mwaka jana nilimpiga picha mchongaji mmoja wa Mwenge pale kwangu asubuhi, nikamweka dirishani, nikajiona fundi. Kuja kufungua kwenye kompyuta, kivuli cha nondo za dirisha kimempita usoni kama yuko mahabusu! Siku hizi natundika shuka jeupe mbele ya nondo, mwanga unalainika. Kanga usijaribu, inamwachia mtu rangi yake usoni. Saa sita mchana jua letu liko utosini, haliingii ndani, kwa hiyo shuka litoe tu.

Cha kuangalia: mchoro ukionekana nyuma yake, hakimiliki ni ya aliyeuchora, hata kama wewe ndiye uliyeshika kamera. Sheria ya hakimiliki tunayotumia Tanzania ni ya 1999. Muulize kabla hujaiposti, hasa kama picha utaiuza.