Maswali ya Picha: Hodi Ngapi Mpaka Umfungulie?

Haya jamani, maswali ya mwezi huu haya hapa. Nijuavyo mie ni kukaa nikaangalia picha, utaalamu sina, kwa hiyo ukiona nimekosea kusifu ama kuponda nisamehe, ni hela yangu iliyotoka.

Kaka, kila mtu anasifu Sinners, mie naona picha la majini tu. Kwa nini niitafute? Mwisho usinihadithie tafadhali. – Mpenda Ngumi, Wete

Na mie nilidhani hivyo hivyo yakhe. Imetoka Aprili 2025, kaiongoza Ryan Coogler, mambo yenyewe yanapita Mississippi mwaka 1932, Michael B. Jordan kacheza mapacha wawili, Smoke na Stack (wakikuchanganya angalia kofia, mmoja buluu mmoja nyekundu), wamerudi kwao wanataka kufungua ukumbi wa muziki, na usiku wa kwanza tu wanatokea wanyonya damu. Lakini mwanzo huko muda mrefu unawaona wanahangaika na shughuli tu, mara kutafuta mtu wa piano, mara mtu wa kukaanga samaki, mpaka unasahau kama umekuja kutishwa.

Sasa hawa wanyonya damu hawaingii ndani mpaka wakaribishwe. Niliiona ukumbini Dar, nilivuka na boti kwa shughuli zangu nyengine nikajipitishia, na nyuma yangu walikaa bibi wawili wa buibui, lafudhi Pemba mtupu. Ikafika pahala baunsa wao wa ule ukumbi wa muziki, aliyetoka nje mara moja kwenda haja, amerudi yuko mlangoni, anabembeleza waseme karibu, wakati kabla ya kutoka alikuwa humo humo ndani na wenziwe! Bibi mmoja akapasua: "Usimkaribishe weye! Hodi ni tatu, hujajibiwa nenda zako, huyu kapiga ngapi?" Ukumbi mzima tukacheka, halafu tukanyamaza kabisa, maana kumbe kasema kweli. Mzungu anaiona hiyo ni kanuni ya kwenye picha, sie tumelelewa nayo, na sie wa umri wangu tuliolala nje na majirani mwaka 1995 kwa kumuogopa Popobawa, lile jini la kuvamia watu majumbani usiku, hatuhitaji kuelezwa kwa nini mtu anaogopa mlango.

Kuna na pahala kijana anaimba gitaa linalia, mara wanatokea watu wa zamani na wa miaka ijayo wanacheza pamoja mule mule, ngoma za Afrika zimo. Bibi yule yule akasema taratibu, "hiyo ngoma ya pepo". Mie picha ikimfanya mtu aisemeshe hivyo nishaipasisha, sihitaji nyota ngapi ngapi. Itafute, lakini usiangalie na watoto, damu nyingi na mengine pia.

Watoto wangu wameona Mufasa sasa wananisumbua, ati yule simba kwa nini mama yake kamwita Taka? – Mama wa Watatu, Kwahani

Hahaha, dada umenikamata, na mie niliuliza hilo hilo! Mufasa: The Lion King imetoka Disemba 2024, ya Barry Jenkins, na Taka ndiye anayekuja kuwa Scar, yule adui wa picha ya 1994. Waambie watoto labda ni taka ya kutaka, mtoto aliyetakiwa. Ila sie tuliokulia na pipa la taka nje ya nyumba hatuwezi kuisikia vyengine, mtoto ashaitwa hivyo tangu mchanga unategemea akue mtu mwema? Wanyama wenyewe wametengenezwa vizuri mpaka manyoya unataka kuyashika, lakini uso wa simba wa kweli hauoneshi huzuni, kalia hakulia hujui. Ile nchi wanayoitafuta wameiita Milele, hapo nimewapa, jina zuri. Nyimbo za ile ya kwanza bado ziko juu.

Wewe Oppenheimer ulisema ndefu, mbona Pushpa 2 hukulalamika na inaizidi? Una ubaguzi. – Mfuatiliaji, Chake

Ubaguzi ninao, nakubali. Oppenheimer ya 2023 ni saa tatu, Pushpa 2 ya Disemba 2024 imepita saa tatu na dakika 20, hesabu zako sahihi. Lakini ile ya kwanza ni wanaume wa suti wanabishana chumbani, nzuri sikatai, Oscar saba si mchezo, ila ukipitiwa na usingizi dakika tano umepotea hujui nani kamfanya nani nini. Picha la Kihindi limeshonwa na intavali ndani yake, stelingi anaachwa pabaya kabisa, taa zinawaka, unakwenda kununua kachori, unagombana na mwenzio nini kitatokea, unarudi. Wazee wetu walioziangalia Majestic pale Vuga wakitoka wamehifadhi na nyimbo, na Kihindi chenyewe hawakijui. Urefu haunishindi, kinachonishinda ni kukosa pa kupumulia.

Sie Unguja picha yetu iko wapi? – Mzalendo, Bububu

Ipo! Vuta N'kuvute, 2021, Amil Shivji kaitoa kwenye riwaya ya Adam Shafi, Unguja ya miaka ya 50, mapenzi na siasa, ikafika mpaka tamasha la Toronto. Inakwenda polepole, wengine itawachosha, lakini ukuta wa Mji Mkongwe ukipigwa na mwanga wa jioni utasema hapa jana nimepita. Na ZIFF, lile tamasha letu la filamu, ikiwadia jipeleke Ngome Kongwe, tangu miaka ya 90 wanaonesha pale uwanjani chini ya nyota, chukua kikoi kuna baridi ya bahari.

Ninunue kwenye flashi ama nisubiri? – Bila jina

Subiri. Mie nilijazwa picha "mpya kabisa klia" kwenye kibanda kimoja, nikakusanya nyumba nzima, kufungua kumbe mtu kaificha kamera kwenye koti, picha imelala upande, unasikia bisi zinatafunwa, na katikati ya vita kichwa kikasimama kikaenda chooni, kikarudi. Asubuhi nikamrudishia flashi yake nikamwambia bwana hii sio. Akaniuliza, "Lakini mwisho umeuona?"