Injini isiyo na akiba: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye Curtiss OX-5

Siku ya kwanza niliposimama mbele ya OX-5, injini ya ndege za kale, nilianza kutafuta magneto ya pili, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za plagi. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam, mikono imezoea Cessna 206: silinda sita zinazopozwa kwa upepo, magneto mbili, plagi mbili kwa kila silinda. Magneto moja ikifa, rubani anarudi nyumbani na iliyobaki. Nikaizunguka ile injini mara mbili, nikidhani kuna mtu amefungua magneto moja akaipeleka kutengenezwa. Haikuwepo. Magneto ni moja, kabureta ni moja, na plagi ni nane kwa silinda nane. Nawaandikia ninyi mnaoingia kwenye karakana za ndege za kale huku Marekani, kwa sababu aliyejifunza ufundi kwenye injini za siku hizi huja na mazoea ya kutegemea akiba. Hapa hakuna akiba. Kuna mkono wako na jicho lako.

Kwanza mjue mnachokishika. Ni injini ya V, yaani silinda zimepangwa safu mbili zenye umbo la herufi V, ujazo wa lita 8.2 hivi, inapozwa kwa maji, inatoa nguvu ya farasi 90 kwa mizunguko 1,400 kwa dakika. Uzito wake unakaribia kilo 177. Propela imefungwa moja kwa moja kwenye krenkshafti, hakuna giaboksi katikati. Ilitoka kwenye kampuni ya Glenn Curtiss, mtu wa Hammondsport, New York, aliyeanzia kwenye baiskeli na pikipiki, nayo ndiyo iliyovuta JN-4, ndege waliyoiita Jenny. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, marubani wengi sana wa Marekani na Kanada walijifunzia humo. Vita vilipoisha zikauzwa kwa wingi kwa raia, ndiyo maana hadi leo kuna za kukarabati.

Kazi yenu ya kila siku itaanzia kwenye valvu. Ziko juu ya silinda, wazi kabisa, hazina kifuniko. Fimbo moja inapita ndani ya bomba: fimbo inasukuma kufungua valvu ya moshi, bomba linavuta kufungua valvu ya kuingiza mchanganyiko. Ni werevu mkubwa kwa wakati ule, na napenda kuutazama ukicheza. Lakini pampu ya oili haifiki huko juu. Hakuna kinacholainisha rokaa, ule mkono mdogo unaofungua valvu, isipokuwa grisi na oili unayoweka mwenyewe kwa mkono. Enzi zile injini ilikuwa inafumuliwa hata baada ya saa 50 tu, na valvu hizi zilikuwa sababu kubwa. Kwa hiyo usipite na kopo la oili kama anayemwagilia maua. Shika kila rokaa, itikise kushoto na kulia, usikie uwazi wake kwa vidole. Ukiona unga mwekundu pembeni ya pini, pini hiyo imekauka na inajila. Simama hapo hapo, usiendelee na nyingine.

Sasa maji, ambako ndiko nilikoharibu mimi. Kila silinda ya chuma imevalishwa koti lake la bati jembamba lililolehemiwa, maji yanapita katikati. Injini inatikisika, lehemu inachoka, na ufa huanza kama uzi. Ukikagua baada ya kuosha hutauona. Kagua injini ikiwa imepoa baada ya kuzunguka, utafute alama nyeupe pale maji yalipokaukia. Mipira ya maji na bendi zake nayo ni hivyo hivyo: ipapase kwa chini, upande ambao macho hayafiki.

Pampu ya maji ina kamba ya pakingi inayozuia maji yasitoke kando ya shafti, na nati ya kuibana. Wiki yangu ya pili niliona inadondosha tone moja moja. Mimi na usafi wangu wa Cessna, nikaona aibu, nikaibana mpaka ikanyamaza. Tulipoiwasha, dakika chache tu nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Pakingi iliyobanwa kupita kiasi ilikuwa kavu, imeshika shafti, na shafti ikachorwa mistari inayoonekana kwa macho. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakupandisha sauti. Alinipa ile shafti nipitishe ukucha juu yake, kisha akaniambia tone lile ndilo lililokuwa linaipoza. Tulisubiri wiki tatu kuchongewa shafti nyingine. Bana kidogo, washa, tazama, bana tena robo mzunguko. Tone la mara moja moja liache. Likiwa mchirizi, badilisha pakingi, usiendelee kubana.

Vifaa vyako vihesabu. Bessie Coleman, mwanamke Mmarekani mweusi aliyelazimika kwenda Ufaransa kutafuta leseni ya urubani na kuipata mwaka 1921, alikufa Jacksonville, Florida, tarehe 30 Aprili 1926, akiwa kwenye Jenny kuukuu. Inaelezwa kwamba spana iliyosahaulika ilikwama kwenye mitambo ya uongozaji. Fundi wake, William Wills, aliyekuwa akirusha, alikufa naye. Mimi huweka vifaa juu ya kitambaa chenye michoro ya kila spana, na sifungi kifuniko mpaka kila mchoro umefunikwa na spana yake.

Kuwasha ni kwa kuzungusha propela kwa mkono, na hapa fundi wa magari huwa hatarini zaidi. Kwenye gari la zamani, waya wa swichi ukikatika, injini inazima. Kwenye magneto ni kinyume: swichi huizima kwa kuiunganisha na bodi, hivyo waya huo ukikatika, magneto inabaki hai hata kama swichi imezimwa. Ukiisogeza propela kidogo tu, inaweza kuwaka ikakuchukua mkono. Weka magogo magurudumuni, mwenzako ajibu kwa sauti kila unachosema, na usiiguse propela ukiwa umesimama mahali usipoweza kurudi nyuma hatua mbili.

Kisha kuna baridi ya huku, ambayo sisi wa pwani hatuzaliwi nayo. Maji yakiganda ndani ya koti, yanatanuka na kulipasua. Jioni ya majira ya baridi fungua koki ya chini, fungua na kifuniko cha rejeta juu ili hewa iingie, kisha ubaki pale. Mchirizi ukikoma, chokonoa koki kwa waya, maana kutu huziba tundu ukadhani maji yameisha. Mara nyingi hutoka mengine, karibu kikombe kizima.