Vilemba vya jukwaani visivyoanguka

SWALI: Kikundi chetu hapa Mikindani kinaigiza nchi ya kubuni yenye watu wa jangwani na wa pwani. Vilemba vyetu vya satini vinaanguka, kofia zinalegea. Tufanyeje?

JIBU: Satini inateleza, ndiyo maana. Wa jangwani wafungeni pamba nyepesi ya mita 4 juu ya kofia, mzunguko wa kwanza upite chini ya kisogo na kukazwa; hapo ndipo kilemba kinaposhika. Wa pwani wapeni kofia ya mviringo. Kwa kichwa cha sentimita 56, ukanda ukateni 58. Duara la juu lina kipenyo cha 18, ongezeni 1 ya mshono kuzunguka. Wanga wa muhogo msitie, jasho litaulainisha. Shoneni ndani kitambaa kigumu cha kola za shati. Rangi moja kwa wa jangwani na moja kwa wa pwani yatosha.