Watu 16 kwenye pizza ya kuni? Msiagize kila mtu ya kwake!

Mleta mada, simama hapo hapo. Umesema Jumapili mnampeleka mama kusherehekea miaka 60 kwenye mgahawa wa pizza za kuni, zile za kuokwa kwenye tanuri la moto wa kuni, huko Goba, mko watu 16, mtafika saa moja jioni, na "kila mtu ataagiza anayoipenda, pizza ya kuni inaiva kwa dakika moja na nusu tu". Halafu ukauliza habari za maegesho, michezo ya watoto na kama keki mnaruhusiwa kuingia nayo. Hayo yatajipa. Hiyo dakika moja na nusu ndiyo itakayowaharibia sherehe, na nimeshindwa kupita kimya.

Mimi nilimpeleka mama mkwe. Alikuja kutoka Muheza kumwona mjukuu, na mke wangu akataka angalau siku moja mama asiingie jikoni. Tukaenda sehemu moja upande wa Tegeta, bustani nzuri, miembe, tanuri limejengwa nje unaliona ukiwa umekaa. Ukoo mzima tulikuwepo. Mhudumu akapita na daftari, huyu akataka ya kuku, yule ya kamba, watoto kila mmoja na yake, na mimi ndiye mwenyeji nikawa nahimiza: agizeni jamani, msijinyime.

Ya kwanza ilikuja chapu kweli. Ukingo umevimba, una madoadoa meusi ya moto, jibini bado linatokota. Ikawekwa mbele ya mtoto wa shemeji. Sasa mtoto aliyelelewa ataanzaje kula na bibi yake hajaletewa kitu? Akaambiwa asubiri. Ikaja ya pili, ikaja ya tatu, zote kwa vijana waliokaa upande wa tanuri. Zikawa zinatazamwa tu mezani. Jibini likaganda, mafuta yakatuama juu, na chini unga ukawa umekunywa maji yote ya nyanya. Mama akawa anawaambia "kuleni wanangu, zitapoa", na wao wanaona haya. Mpaka wanakubali kula, ukikamata kipande ncha inalala chini na vitu vyote vinadondokea kwenye sahani.

Ya mama mkwe ilikuja ya mwisho kabisa. Nikaiinua kwa uma nione chini: kweupe pe! Ukingo umeungua, katikati unga mbichi unavutika. Mama wa watu akamega ukingo kidogo, akasema ameshiba. Mwanamke aliyetoka Muheza kwa basi, anasema ameshiba ukingo wa pizza! Mke wangu hakunisemesha njia nzima. Na bili ililipwa yote, pizza ya kila kichwa, nyingine zimerudi nyumbani kwenye maboksi zikiwa zimelowa kwa mvuke wake zenyewe.

Aliyenipeleka huko ni kijana mmoja wa video za vyakula. Alisimama mbele ya tanuri akahesabu sekunde kwa sauti, pizza ikatoka, akaing'ata, akasema leteni familia zenu. Kijana yule alikwenda peke yake, siku ya kazi, mchana, tanuri zima lake! Hajawahi kukaa pale Jumapili jioni na wakwe. Kama hujalisha meza ya watu kumi na kitu, usiwaambie watu walete familia. Na mhudumu naye, anaona ameandika daftari kurasa mbili, anatuambia "dakika kumi tu bosi, kila kitu mezani". Angesema ukweli tungempangia wenyewe.

Sekunde zile si uongo, ila si zenu nyote. Chama cha Napoli, Italia, kinachosimamia pizza ya asili yao, Associazione Verace Pizza Napoletana cha tangu 1984, kinataka pizza ikae tanurini sekunde 60 hadi 90, joto la sakafu ya tanuri likiwa nyuzi 380 hadi 430 hivi. Lakini hapo ni pizza moja kwenye sakafu iliyoiva. Kabla haijaingia kuna mtu anatanua donge la unga kwa mkono, anapaka nyanya, anapanga vitu juu. Matanuri mengi ya migahawa yetu yanabeba mbili, tatu kwa wakati mmoja. Na kila pizza ikiingia, unga wake mbichi unanyonya joto la matofali ya chini. Mpishi akizifululiza bila kupumzisha sakafu wala kuongeza kuni, moto wa juu unaendelea kuunguza ukingo huku chini hakuivi tena. Ndiyo pizza aliyopewa mama mkwe wangu. Haikuwa bahati mbaya, ilikuwa foleni.

Na kwenye foleni hiyo hampo peke yenu. Jumapili saa moja jioni tazama mlangoni, utaona bodaboda wamejipanga na mabegi yao mgongoni. Oda zao zinapita kwenye tanuri lilelile. Ninyi mnaona meza tatu tu zina watu, mnadhani jikoni kumetulia.

Kwa hiyo sikiliza, na ukisahau mengine yote shika hili: AGIZENI MBILI MBILI, ZIWEKWE KATIKATI YA MEZA, MUMEGE WOTE. Kama sinia la pilau, hakuna mwenye upande wake. Piga hesabu: pizza ya sentimita 30 hivi wakikata vipande 8, mbili ni vipande 16. Watu 16, kila mtu ana kipande cha moto mkononi kwa wakati mmoja, mama anaanza, wote mnafuata, hakuna mtoto anayetazama sahani. Wakati mnatafuna, sakafu inarudisha joto na mpishi anatanua mbili nyingine. Raundi tano ni pizza 10, kila mtu kapata vipande vitano, na pizza sita kati ya zile 16 mmeziokoa. Anayetaka ya kamba atasema raundi ya kamba ifike, na asiyekula kamba atavuka raundi hiyo. Wale wa Napoli wenyewe wanasema pizza iliwe palepale, ikitoka tu tanurini. Huwezi kulitimiza hilo kwa watu 16 kama kila mtu ana ya kwake.

Mhudumu atakukatalia. Atasema mfumo wao unataka oda yote kwa pamoja. Mwambie kwa upole kwamba oda ni yote, ila zitoke mbili, na mbili zinazofuata zisiingie tanurini mpaka useme. Akizidi, inuka uende kwa mpishi mwenyewe. Nimeshafanya hivyo tangu siku ile na hakuna mpishi aliyenuna; wanafurahi, maana nao hawapendi kutoa pizza mbovu. Ukifika pale tanurini, chungulia dari la ndani. Likiwa bado jeusi kwa masizi, tanuri halijapata moto wa kutosha, agizeni kachumbari na vinywaji mpige soga. Masizi yakishaungua, dari linakuwa jeupe. Hapo ndipo uanze kuagiza.

Saa moja jioni pia ibadilishe kama bado mnaweza. Fikeni saa kumi na moja, kabla ya bodaboda. Kuna na suala la unga, maana nimewahi kukuta meza ya jirani wameambiwa pizza zimekwisha wakati moto unawaka vizuri kabisa. Unga wa pizza ya namna hii huachwa uumuke masaa 8 na zaidi, na madonge yakiisha hakuna anayeweza kukanda mengine ukiwa umekaa. Wanaandaa kwa kukisia tu watu watakaokuja. Kwa hiyo piga simu, sema jina, sema watu 16, sema pizza 10, waulize tanuri wanaliwasha saa ngapi. Na upige leo au kesho, usingoje Jumapili asubuhi, maana unga wa Jumapili huenda wakaukanda Jumamosi.